Kambi ya vijana wa kanisa pwani: mahema ufukweni, shule ya bweni au kituo cha mafungo?

Likizo ya Juni au ya Desemba inapokaribia, kamati za vijana za makanisa yetu hukutana na kukwama mahali pale pale. Tumekubaliana mwaka huu tunakwenda baharini, lakini tutalala wapi? Mmoja amesikia kuna uwanja wa bure Kigamboni. Mwingine ana mjomba anayefundisha shule ya bweni Bagamoyo. Wa tatu anasema tusihangaike, twende kituo cha mafungo, kila kitu kipo. Wote watatu wana hoja. Naandika kwa ajili ya walezi, wachungaji na viongozi wa vijana waliosimama kwenye njia panda hiyo, iwe wako Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, au wanatoka Dodoma na Mwanza wakileta vijana ambao hawajawahi kukanyaga maji ya chumvi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: uzuri wa mahali usiwe kigezo cha kwanza. Pwani yetu karibu yote ni nzuri. Kinachotofautisha kambi na kambi ni saa mbili: ile ambayo vijana wako ndani ya maji, na ile ambayo taa zimezimwa. Mahali ambapo unaweza kutaja kwa majina nani anawaangalia kwenye saa hizo mbili ndipo pa kupeleka watoto wa watu.

## Vigezo vya kupimia

Nitazipima njia zote tatu kwa mambo matano: bahari, usiku, maji ya matumizi pamoja na vyoo na jiko, fedha, na mwisho ibada na majirani. Mawili ya kwanza yanahitaji maelezo kabla hatujaanza kulinganisha.

Bahari. Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria hudhani bahari ni ziwa lenye chumvi. Sivyo. Maji ya pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa kwa Dar es Salaam na Zanzibar hupita mita 3. Siku hizo maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka na maji hujaa mnamo saa 4. Kwa hiyo ukiandika kwenye ratiba "saa 10 alasiri, kuogelea" kwa wiki nzima bila kuangalia mwezi, siku moja utakuta maji yamefika kwenye majani, na siku nyingine utakuta tope na miamba tu.

Saa nzuri ya kuwaingiza vijana ni maji yanapoingia. Yanapotoka huvuta, hasa penye mlango, yaani mwanya wa kupitia maji, kwenye mwamba. Mvuvi wa hapo atakuonyesha mlango ulipo, na ni busara kumlipa posho awe nanyi kila mnapoingia majini. Kila kijana afundishwe kabla ya kulowa kwamba akishikwa na mkondo asipigane nao: aogelee sambamba na ufukwe mpaka utakapomwachia, ndipo arudi nchi kavu.

Pepo nazo zina kalenda yake. Likizo ya Juni huangukia katikati ya kusi, upepo wa kutoka kusini: hakuna joto kali, mvua ni chache, lakini upepo ni mkali na mawimbi ni makubwa kwenye fukwe zinazotazama bahari kuu. Desemba kaskazi inaanza kuingia, bahari inatulia, joto na mbu vinaongezeka, na mvua za vuli huenda hazijamalizika. Kwa Kenya, likizo ya Aprili hukutana na masika, na mara nyingi Agosti huwa afadhali.

Kanuni zangu za majini ni chache na sizilegezi. Vijana waingie wawili wawili, kila mmoja akiwajibika kwa mwenzake. Asiyejua kuogelea mwisho wake ni kiunoni. Filimbi ikilia wote wanasimama na kuhesabiwa. Mwangalizi haogelei, hapigi picha, na hana simu mkononi; nahitaji mmoja kwa kila vijana wanane walio majini. Viatu vya plastiki vya kamba ni lazima, kwa sababu kwenye mawe kuna viumbe wa bahari wenye miiba mirefu myeusi, na kwenye mchanga wa maji madogo hulala taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Anayeburuza miguu badala ya kukanyaga kwa kishindo humfukuza taa kabla hajachomwa.

Usiku. Kwenye makanisa yetu neno kijana linaweza kumbeba mtoto wa miaka 13 na mtu wa miaka 35 mwenye familia. Wote wana kadi ya idara moja na wote watapanda basi moja. Lakini Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na wewe mratibu unambeba hivyo kisheria na mbele za Mungu. Walazwe kwa umri na kwa jinsia. Mtu mzima asilale peke yake na mtoto. Matroni na patroni wajulikane kwa sura, na wazazi wawe na namba zao za simu kabla basi halijaondoka. Ninapouliza habari za usiku katika kila njia hapa chini, nauliza kama majengo, au ukosefu wa majengo, yanakusaidia kutimiza hayo au yanakupinga.

## Mahema ufukweni

Ndiyo kambi ambayo vijana wenyewe huiota: mahema chini ya mivinje, moto jioni, kuamka na mawimbi. Na kweli ina kitu ambacho njia nyingine mbili hazina. Kijana anayesimika hema lake, anayeteka maji na kulala akiusikia upepo hujifunza kutegemeana na wenzake kwa namna ambayo hakuna somo la darasani litamfundisha. Vyama vya Watafuta Njia vya Waadventista na vikundi vya skauti vimelijua hilo muda mrefu.

*Bahari.* Iko hatua chache kutoka mlangoni, na hiyo ndiyo baraka na ndiyo hatari. Huna haja ya basi wala msafara. Unaweza kufuata maji yanavyojaa na kubadilisha ratiba bila kumuuliza mtu. Lakini bahari haifungwi kwa kufuli. Kijana wa miaka 15 atakayeamka saa 11 alfajiri hataamsha mwangalizi. Kambi ya mahema inahitaji zamu za ulinzi zinazokabili upande wa maji usiku kucha, mbali na walinzi wanaotazama upande wa barabara.

Mahali pa kusimika hema nako kuna elimu yake. Tafuta mstari wa mwani na vijiti uliosukumwa na maji mara ya mwisho, kisha panda juu zaidi ya hapo, kwa sababu bamvua ijayo inaweza kuuvuka. Usilaze mtu chini ya mnazi; nazi haipigi hodi. Kigingi cha kawaida hakishiki mchangani, hasa kusi ikivuma: jaza kiroba mchanga, kifunge kamba ya hema, kizike. Na msikate mikoko kwa kuni. Ni msitu unaolindwa kisheria, na ndiyo inayoushikilia ufukwe mliokuja kuufurahia.

*Usiku.* Ni njia ngumu kuliko zote. Hema halina mlango wa kufunga, sauti husikika hema hadi hema, na mpita njia yeyote wa ufukweni anaweza kuwa katikati yenu. Inawezekana, lakini kwa mpangilio: mahema ya wasichana upande mmoja yakizunguka hema la matroni, ya wavulana upande mwingine, jiko na taa katikati, na njia ya kwenda chooni iwe na mwanga usiku kucha. Vyandarua vipimwe nyumbani, kwa maana malaria ya pwani haina likizo.

*Maji, vyoo na jiko.* Hapa ndipo kambi nyingi za mahema huumia. Viwango vya kimataifa vya huduma za dharura hutaja lita 15 za maji kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini, na choo kimoja kwa watu 20. Kwa vijana 100 hizo ni lita 1,500 kila siku na matundu matano ya choo, na mimi ningeongeza la sita upande wa wasichana. Visima vya karibu na ufuo mara nyingi vina chumvi: sabuni haitoi povu na chai haina ladha. Basi panga boza na simtanki mbili kabla hujapanga mhubiri. Kupikia nje kunakwenda vizuri ukiwa na mpishi anayejua kuni na upepo, na turubai la kukinga mchanga usiingie kwenye sufuria. Kilo moja ya mchele hulisha vijana sita hivi. Njaa ya baharini huongeza, usipunguze.

*Fedha.* Uwanja ukiitwa wa bure, andika kwenye daftari boza, vyoo vya kukodi, jenereta na mafuta yake, turubai, walinzi, na mahema yenyewe. Kama kanisa lina mahema yake, gharama hushuka kila mwaka. Kama ni ya kukodi, mara nyingi utashangaa kukuta mmelipa sawa na waliolala kwenye vitanda.

*Ibada na majirani.* Ibada ya asubuhi jua likichomoza baharini haina mfano, na vijana huikumbuka. Ila ufukwe si wenu peke yenu. Ni njia ya wavuvi, ni mahali pa kuanikia dagaa, na mara nyingi kijiji kilicho nyuma yenu ni cha Waislamu. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji wiki kadhaa kabla, ukiwa na barua, na uende tena kusalimia mkifika. Toa taarifa polisi. Wakati wa adhana zima spika. Haipunguzi chochote katika imani yako. Mavazi ya kuogelea yaishie ufukweni, wasipite nayo sokoni. Nunua samaki, nazi na mboga hapo hapo. Kijiji kilichouza samaki kwa kambi kitailinda kambi.

Inawafaa: vikundi vyenye mazoezi ya kupiga kambi, vijana wa miaka 16 na kuendelea, idadi ya wastani, na kanisa lenye watu wazima wa kutosha wanaokubali kutolala.

## Shule ya bweni wakati wa likizo

Kambi nyingi za vyama vya wanafunzi Wakristo kama UKWATA, CASFETA na TYCS zimelelewa kwenye mabweni na kumbi za shule, na kuna sababu. Shule ilijengwa kwa ajili ya kukaa na vijana wengi kwa pamoja.

*Bahari.* Shule chache ziko ufukweni kabisa. Nyingi ni umbali wa kutembea, au safari fupi ya kosta. Wengine huona huo ni upungufu. Mimi naona ni faida kwa kikundi chenye watoto. Kwenda baharini kunakuwa tukio lenye mwanzo na mwisho: mnahesabiana mkitoka, mnahesabiana mkiingia majini, mnahesabiana mkirudi, na kati ya hapo bahari haimwiti mtu dirishani. Ubaya wake ni kwamba maji hayasubiri kosta. Mkichelewa kwa saa moja na nusu mtakuta yanatoka. Basi siku za kuogelea zichaguliwe kwa kuangalia mwezi tangu siku ya kupanga ratiba, zikiwa mbili au tatu tu, na siku nyingine ziwe za michezo, mafunzo na matembezi.

*Usiku.* Hapa shule ina nguvu kuliko njia zote. Kuna uzio, geti na mlinzi, na mabweni ya wasichana yametengwa na ya wavulana tangu yalipojengwa. Unaweza kuwapa walio chini ya miaka 18 bweni lao na wakubwa lao, bila ubishi. Kabla ya kulipa, tembea mwenyewe usiku, si mchana. Angalia taa zinazowaka kati ya bweni na choo, milango inayofungwa kwa ndani, na nyavu za madirisha. Uliza pia nani atabaki shuleni. Wanafunzi wa madarasa ya mitihani mara nyingi huachwa kwa masomo ya ziada, na wageni mia moja wenye vyombo vya muziki si jirani mwema kwa mwenye mtihani.

*Maji, vyoo na jiko.* Jiko kubwa lipo, sufuria zipo, bwalo lipo. Mara nyingi hata wapishi wa shule watakubali kubaki kwa malipo, nao wanajua moto wa jiko lile kuliko mpishi yeyote mtakayemleta. Hakikisha mambo mawili. La kwanza ni magodoro: wanafunzi wengi huondoka nayo likizo, na utakuta vitanda vya dabodeka vitupu. Kila kijana aje na godoro jembamba au mkeka, shuka na chandarua. La pili ni maji. Pampu inayotosha wanafunzi waliozoea foleni inaweza isitoshe vijana wanaorudi na chumvi mwilini, wote wakitaka kuoga kabla ya giza.

*Fedha.* Kwa idadi kubwa, hii huwa nafuu kuliko nyingine kwa kila kichwa. Shule nyingine hutoza kwa mkupuo, nyingine kwa mtu kwa siku, na kuna zinazoomba ukarabati mdogo au magunia ya saruji badala ya sehemu ya fedha. Vyovyote iwavyo, makubaliano yawe kwa maandishi, yataje umeme, maji, kuni na vitu vitakavyovunjika, na risiti iwe ya shule.

*Ibada na majirani.* Ukumbi wenye paa ni zawadi siku ya mvua. Mkesha wa maombi unawezekana bila kumwamsha mtu kijijini. Upungufu ni hisia. Kijana aliyemaliza muhula wa bweni Ijumaa na kurudi bweni Jumatatu hatajisikia ametoka. Kengele, foleni ya uji, ukaguzi wa vitanda: vyote vinanukia shule. Ondoeni kengele, tumieni nyimbo kuamshana, kuleni chini ya mti badala ya bwalo, na vikundi vya kujadili Neno vikae nje kwenye nyasi. Mambo madogo hayo hubadilisha kambi nzima.

Inawafaa: idadi kubwa, mchanganyiko wa umri, vijana wa bara wanaoiona bahari mara ya kwanza, na makanisa yenye mfuko mdogo.

## Kituo cha mafungo au hosteli ya kanisa

Makanisa mengi yana nyumba za aina hii pwani. Kwa walio Kenya, kituo cha Kanamai kilichoko Kikambala, katika kaunti ya Kilifi, ni cha Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya na kinajulikana na vikundi vya vijana. Bagamoyo na Dar es Salaam nako kuna nyumba za majimbo na dayosisi zinazopokea vikundi.

*Bahari.* Vituo vingi viko karibu na ufukwe, na wenyeji wake wanaijua sehemu yao vizuri: wapi pana mawe, wapi panavuta, saa ngapi msiingie. Chukua maarifa hayo kwa unyenyekevu. Lakini usidhani kituo kitawaangalia vijana wako. Uliza wazi kama kuna mwokoaji, anafanya kazi saa ngapi, na bado pangeni waangalizi wenu kana kwamba hayupo.

*Usiku.* Salama, kukiwa na tahadhari moja. Vyumba ni vya watu wawili au wanne, kila kimoja na mlango wake, mara nyingine kwenye majengo yaliyotawanyika bustanini, na huenda kuna wageni wengine ambao hamwajui. Bweni la watu 30 linaangaliwa na matroni mmoja. Vyumba 15 vinahitaji mpango. Omba jengo zima au ghorofa nzima, na mlezi alale chumba cha kwanza kwenye korido.

*Maji, vyoo na jiko.* Hakuna cha kuhangaikia, na hilo si jambo dogo. Kamati ambayo haipiki ina muda wa kuzungumza na vijana. Kuna kijana mmoja katika kila kambi ambaye amekuja na jambo zito, naye hulisema tu pale mlezi anapokuwa ameketi bila haraka. Upande wa pili, vijana wasioosha sufuria hukosa shule nzuri ya utumishi. Mkienda kituoni, omba angalau wapewe zamu ya kupakua na kufuta meza.

*Fedha.* Ghali kwa kila kichwa, lakini bei iko wazi: vitanda, milo mitatu, ukumbi. Ni rahisi kupanga mchango wa kambi na kuwaeleza wazazi. Tatizo ni kwamba bei hiyo inaweza kuwaacha nyumbani wale hasa mliotaka waje. Kama mtachagua kituo, anzeni kuweka akiba miezi mingi kabla, na tengeni nafasi za vijana ambao ada yao italipwa na usharika bila majina yao kutajwa. Nafasi za Desemba hukamatwa mapema sana.

*Ibada na majirani.* Kituo kina kanisa dogo, utulivu, na kanuni zake. Utulivu huo ni mali kwa kikundi kinachotaka kufunga, kusoma na kutafakari. Kwa kikundi cha sifa na ngoma mpaka saa 6 usiku, kanuni hizo zitakuwa ugomvi wa kila siku. Ulizeni pia kuhusu mapokeo: kama mnabatiza kwa maji mengi na mnatazamia ubatizo baharini, au kama ibada yenu ina kelele, mwambieni msimamizi kabla, kwa sababu nyumba ya dhehebu moja si lazima iwe tayari kwa desturi ya jingine. Na ubatizo wa aliye chini ya miaka 18 ufanyike wazazi wakijua. Hilo nalisimamia popote, si kituoni tu.

Inawafaa: vikundi vidogo, semina za viongozi wa vijana, wanandoa vijana, makundi yenye mtu mwenye ulemavu au ugonjwa unaohitaji kitanda na choo cha karibu, na kamati yenye watu wachache wa kufanya kazi.

## Ufukwe upi?

Aina ya malazi haichaguliwi mbali na mahali. Kigamboni hufikiwa kwa pantoni kutoka Magogoni au kwa daraja lililofunguliwa 2016, mchanga ni mweupe na maji ni safi, lakini fukwe zake nyingi hutazama bahari kuu, na Juni mawimbi yake si ya mwanafunzi. Bagamoyo, kama kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, bahari ni ya maji madogo yanayokwenda mbali yakipwa, na Mto Ruvu huyatia rangi ya udongo. Kwa picha Kigamboni hushinda. Kwa kuwafundisha wageni wa bahari, mteremko mpole wa Bagamoyo una faida yake.

Na Bagamoyo ina kingine. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hapo 1868, wakawapokea watu waliokombolewa utumwani. Mwili wa David Livingstone, uliobebwa na watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kutoka ndani kabisa ya bara, ulilazwa kwenye kanisa la misheni hiyo Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Kijana wa Kikristo wa Afrika Mashariki akitembezwa pale mchana mmoja, kisha jioni mkasoma kitabu cha Filemoni, barua ya Paulo kuhusu mtumwa Onesimo, hahitaji mhubiri wa kualikwa. Kenya kuna Rabai, ambako wamisionari Krapf na Rebmann walianza kazi 1846, na Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa 1875. Zanzibar kuna kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa baada ya soko hilo kufungwa 1873. Ila ongeza nauli ya boti, na usisahau kwamba safari yoyote ya chombo, hata ya kwenda Mbudya au Bongoyo, inamhitaji kila kijana avae jaketi okozi tangu anapopanda mpaka anaposhuka. Visiwa hivyo viwili vimo kwenye hifadhi ya bahari na vina kiingilio.

Kwa wanaotoka Morogoro na Dodoma, treni ya SGR imefupisha safari ya kufika Dar es Salaam tangu 2024. Mizigo yenu isiwe kwenye mifuko ya plastiki. Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019, na Kenya iliitangulia Agosti 2017.

## Kulingana na hali yenu

Kama wengi wenu ni chini ya miaka 18 na hawajawahi kuiona bahari, anzeni na shule ya bweni, siku mbili za kuogelea zilizopangwa kwa kufuata maji, na kituo cha afya mnachokijua kilipo.

Kama mko 30 au pungufu, viongozi au vijana wakubwa, na mnataka kusikilizana zaidi ya kukimbia, kituo cha mafungo kitawalipa fedha yenu.

Kama mna mahema yenu, walezi waliopiga kambi kabla, na vijana wanaojua kazi, nendeni ufukweni. Chagueni Desemba kuliko Juni, au mkienda Juni tafuteni ghuba iliyokingwa na kusi. Mkiangalia Pasaka, angalieni pia kalenda ya Ramadhani: miaka mingine hukutana, na kijiji kinachofunga hakistahili kuona wageni wakila na kuimba ufukweni mchana kutwa.

Kama mmegawanyika, vijana wanataka mahema na wazazi wanataka kuta, kuna njia ya kati ambayo naipenda: mlale shuleni, kisha usiku mmoja wa mwisho wale wa miaka 16 na zaidi, wenye ruhusa ya mzazi kwa maandishi, wakeshe ufukweni kwa maombi na moto, watu wazima wakizunguka kwa zamu, pasipo mtu kuingia majini mpaka kupambazuke.

Na kama mmehesabu waangalizi wa majini na hawatoshi, nendeni kambini hivyo hivyo ila futeni kuogelea kwenye ratiba. Maji yakipwa tembeeni kwenye mwamba na mvuvi awaonyeshe pweza anavyojificha, chezeni mpira kwenye mchanga mgumu, imbeni. Wazazi waelezwe mapema kwamba mwaka huu watoto watalowa miguu tu, na wasimamizi wote walijue hilo kabla basi halijaondoka.